Windows ikigoma kila mara mahali tofauti, shuku RAM

Juzi nililetewa hapa Kondele, Kisumu, kompyuta ya mtumba yenye RAM (kumbukumbu ya muda ya kompyuta) ya GB 8, vipande viwili. Mwenyewe alikuwa ameweka Windows mara tatu: ikagoma asilimia 12, halafu 61, halafu 34. Tazama hapo. Fleshi mbovu au ISO (faili ya kuwekea Windows) iliyoharibika aghalabu hugoma palepale. RAM mbovu hurukaruka. Ule msimbo wa kosa 0x80070570 unaotokea wakati wa kuweka Windows unaweza kuletwa na yoyote kati ya hizo, kwa hivyo usiutegemee peke yake.

1. Linganisha SHA256 (alama ya kuthibitisha faili) ya ISO yako na ile iliyotolewa na mwenye faili, kisha badilisha fleshi na tundu la USB.

2. Weka Memtest86+, programu ya kupima RAM, kwenye fleshi nyingine. Ni ya bure, na tangu toleo la 6 inawaka kwa UEFI (mfumo wa kuwashia kompyuta za kisasa). Ikikataa, ingia BIOS (mipangilio ya kompyuta kabla haijawaka) uzime Secure Boot, kinga inayozuia programu isiyotambulika kuwaka. Ukiwa humo zima XMP pia, mpangilio unaoongeza kasi ya RAM. RAM iliyokimbizwa kupita kiasi hutoa makosa hata kama ni nzima.

3. Iache imalize angalau mzunguko mzima. Usiku kucha ni bora, stima ikikubali. Kosa moja tu ni kosa.

4. Hapa ndipo mafundi wengi huharibu: wakiona makosa kwa rangi nyekundu, wanamuuzia mtu RAM mpya. Ngoja kwanza. Chomoa waya wa umeme, bonyeza swichi sekunde chache, gusa chuma cha kasha. Toa RAM, sugua meno yake ya dhahabu polepole kwa raba ya penseli, pangusa. Rudisha kipande kimoja, pima. Kisha cha pili, sloti ileile. Halafu jaribu sloti nyingine. Kosa likifuata kipande, kipande kimekufa. Likibaki na sloti, angalia bodi, au kama prosesa imekaa sawa.

Ya mteja wangu ilikuwa vumbi ndani ya sloti ya pili. Hakununua chochote.

Maswali

*Nakuru: Fundi, RAM ya laptopu yangu imechomelewa kwenye bodi. Basi?*
Kama makosa yako kwenye anwani chache zilezile, Linux inaweza kuambiwa izikwepe kwa agizo la memmap kwenye GRUB, programu inayoiwasha Linux. Yakitapakaa, ni kazi ya bodi.

*Kakamega: Naweza kutia RAM ya DDR3 mahali pa DDR3L (ile ya volti ya chini)?*
DDR3 hutaka volti 1.5, L hutumia 1.35 na huvumilia 1.5. Laptopu ya L pekee itakusumbua au isiwake kabisa.

*Bungoma: Kipimo cha RAM cha Windows hakikuona kitu, Memtest imeona makosa mawili. Niamini ipi?*
Iliyoona.