Jinsi ya kuwasimulia madogo habari za mzee Kawawa ukiwa hapa Tabora

Kama una klabu ya historia, au una watoto tu nyumbani, usianze na cheo. Ukianza na "Waziri Mkuu" wanasinzia, wanajua hilo ni la kukariri la mtihani. Anza na karani.

Waulize hivi: una kazi ya serikali, mshahara unaingia kila mwisho wa mwezi, ndugu kule Songea wanakutegemea, na mkoloni kakataza watumishi wa serikali kujiunga na TANU, chama kilichokuwa kinadai uhuru, we ungefanyaje? Waache wabishane weee, usiwakatize, maana hapo ndo somo lenyewe lilipo. Wakichoka ndo uwaambie alichofanya Rashidi Kawawa. Alikuwa karani wa hesabu idara ya ujenzi, baadae akaenda ustawi wa jamii, na kwa kuwa mlango wa chama ulifungwa akapitia vyama vya wafanyakazi, akaongoza chama cha watumishi Waafrika wa serikali, na 1955 lilipoundwa shirikisho la wafanyakazi, TFL, yeye ndo akawa katibu mkuu, kisha akaacha kazi ya serikali kabisa. Mi naona kuacha ule mshahara ni jambo kubwa kuliko vyeo vyote vilivyofuata.

Halafu wapeleke Tabora Boys, maana alisoma pale, na Nyerere pia. Andika barua kwa mkuu wa shule mapema, usivamie na watoto thelathini getini. Wakishaingia waonyeshe yale majengo ya zamani, waambie kijana wa Songea alitoka kusini kabisa kuja kusoma huku.

Tarehe zisiwe nyingi, tatu zinatosha. Uhuru 9 Desemba 1961, Nyerere Waziri Mkuu. 22 Januari 1962, wiki sita tu baadae, Nyerere anajiuzulu akajenge chama na Kawawa anashika nchi akiwa na miaka 35. 9 Desemba 1962 inakuwa Jamhuri, Nyerere Rais, Kawawa Makamu wake.

Sasa wengi wanaishia hapo na wanakosea. Waambie pia kwamba mwaka huohuo 1962, yeye akiwa Waziri Mkuu, zilipitishwa sheria ya kuweka watu kizuizini na sheria iliyobana migomo, na huyu ndo mtu aliyepandia kwenye vyama vya wafanyakazi! Watoto wataguna, waache wagune, watauliza kwanini, na nyie mjadili nchi changa ilikuwa inaogopa nini. Kumpenda mzee wetu hakuzuii kusema ukweli wake.

Mwisho tafuteni wazee wa reli, maana habari ya Kawawa ni habari ya wafanyakazi. Tabora ni njiapanda ya Kigoma na Mwanza, wastaafu wa reli wapo mitaani, na mgomo wa reli wa 1960 wengine waliushuhudia wakiwa wadogo. Mtoto aanze na shikamoo babu, aombe ruhusa ya kurekodi kabla hajatoa simu, asimuulize "unamjua Kawawa?" maana atajibiwa ndio na basi, amuulize mzee baba yake alilipwaje, nani alikuwa bosi, siku ya mgomo nyumbani walikula nini. Mzee akinyamaza, msubiri, usimrukie na swali lingine. Rekodi ikitoka iandikieni jina la mzee kama karuhusu, mtaa na tarehe, na nakala mpelekeeni yeye kwanza.