Sato na kambale bwawa moja: usimlishe anayewahi tu

Mama mmoja mfugaji alinipigia simu akilalamika kwamba aliuziwa vifaranga vibovu. "Bwana samaki, nalisha huu mwezi wa tano, wengine bado wako kama vidole!" Nilifika saa kumi jioni, nikamwomba awalishe kama anavyowalisha siku zote. Akasimama kwenye kona yake, pale lilipo bomba la kuingizia maji, akamwaga kopo zima kwa mkupuo mmoja. Maji yakachemka. Dakika tatu hazikuisha, juu pamebaki mapovu tu.

Kesho yake asubuhi, kabla samaki hawajala, tulivuta wavu. Sato walioingia bwawani siku moja: mmoja alijaza kiganja na kupitiliza, mizani ya duka ikasoma gramu 260. Mwenzake alikuwa na gramu 70.

Wakubwa walishaijua ile kona. Walikuwa wanaisubiri kabla hata kivuli cha mama hakijafika, na kopo zima likaishia kwao. Wadogo walibaki nyuma wakiponea ule ukijani wa maji. Ukijani unamlisha sato, ni kweli, ila peke yake haumfikishi sokoni kwa wakati.

Hata hivyo, usikimbilie kulaumu ulishaji kabla hujageuza samaki tumbo juu. Sato jike hukua taratibu kuliko dume, na akiwa na mayai mdomoni hali kabisa, anayalea humohumo mpaka vifaranga watoke. Dume ana matundu mawili nyuma ya tumbo, jike ana matatu. Ukikuta wadogo wote ni majike, una tatizo la mbegu iliyochanganyika jinsia, na chakula hakitalitibu. Ukikuta na madume yamedumaa, basi wanaporwa. Kwa yule mama, zaidi ya nusu ya wadogo walikuwa madume.

Dawa ya uporaji ni kuwashughulisha walafi sehemu moja huku wanyonge wakila kwingine. Anza na punje kubwa, za milimita 3 au 4, pale walipozoea. Rusha kidogokidogo, viganja viwili vitatu, wakusanyike. Wakishazama kwenye shughuli yao, nenda ng'ambo ya bwawa urushe punje ndogo za milimita 2, na uzitawanye mbali mbali badala ya kuzirundika. Kisha rudi tena kwa wakubwa. Utazunguka kweli, na wafugaji wengi hapa ndipo wanaponichoka, lakini ni robo saa tu. Siku ya upepo simama upande upepo unakotokea, ili chakula kielee kuelekea katikati. Ukisimama upande wa pili, kitaganda kwenye majani ya ukingoni na chura ndiye atakayenenepa.

Wanaolisha pumba na mashudu waliyosaga wenyewe wana mtihani mkubwa zaidi, maana unga ukirushwa mkavu nusu yake inakuwa mbolea. Ukande kwa maji uwe madonge, uweke kwenye sinia mbili au tatu zilizotobolewa na kufungwa kamba, uzishushe sehemu tofauti. Walafi hawawezi kulinda sinia tatu kwa wakati mmoja. Vuta kamba baada ya nusu saa uone kilichobaki. Sinia inayorudi na madonge yake inakueleza kitu ambacho uso wa maji haukuelezi.

Sasa kambale. Wengi humweka pamoja na sato ili ale vifaranga wanaozaliwa bwawani, maana sato wakizaliana ovyo vinywa vinakuwa vingi kuliko kopo. Kwa kawaida nashauri kambale mmoja kwa sato kumi, na aingie akiwa mdogo kuliko sato, vinginevyo atakula mtaji wako. Kosa linaloendelea baada ya hapo ni kudhani kambale atajitafutia kila kitu. Huyu hatafuti chakula kwa macho kama sato. Anapapasa kwa sharubu, chini, na shughuli yake hasa ni usiku. Kwa hiyo mlishe jioni giza linapoanza, chakula kinachozama, upande wenye kina kirefu. Wakati huo sato wameshapunguza kula, hakuna wa kugombana naye. Ukimzoesha chakula kinachoelea naye hupanda juu, na akishakuwa na mwili ni yeye atakayewasukuma sato. Chakula chake pia kiwe na protini nyingi zaidi, asilimia 35 hadi 40, wakati sato anayekua anatosheka na 25 hadi 30.

Kiasi? Chukua bwawa la mita 10 kwa 20 lenye sato 400 wa wastani wa gramu 100. Hao ni kilo 40. Kwa asilimia 3 ya uzito wao, ni kilo 1.2 kwa siku, ambayo unaigawa mara mbili au tatu. Kambale 40 wa gramu 150 ni kilo 6, nao wanapata gramu 180 tu. Rudia kupima kila wiki mbili, walau samaki 30, na andika uzito wa kila mmoja. Wengi huwapima kwa ndoo na kugawanya. Wastani wa namna hiyo ungemwambia yule mama kwamba mambo ni shwari.

Usilishe alfajiri. Hewa ndani ya maji huwa chache zaidi muda huo, kwa sababu usiku kucha mimea na samaki wameitumia. Subiri saa tatu au nne jua likiwa limeshika. Ukikuta sato wamejazana juu wanatweta midomo wazi, weka kopo chini ufungulie maji mapya. Kambale anayepanda mmoja mmoja, anagugumia hewa na kuzama, usimhofie, ndivyo alivyoumbwa. Na kila chakula kikibaki baada ya dakika 20, mlo unaofuata upunguzwe, kwani mabaki yanaoza, yanatoa amonia na kumaliza hewa hiyohiyo.

Wenzetu wa Njombe, Mufindi na Lushoto wana hesabu nyingine mwezi wa sita na wa saba. Maji yakishuka chini ya nyuzi 20, sato hupoteza hamu, na hata wale walafi wa kona wanakuwa wazito. Msimu huo lisha mara moja, saa saba au nane mchana maji yakiwa yamepata joto, na anza kwa nusu ya kipimo. Rusha kiganja kimoja kwanza, simama, angalia. Kisipoguswa ndani ya dakika tano, funga mfuko urudi nyumbani, utajaribu kesho.