Vipimo vya mwaka wa kwanza baada ya kukutwa na VVU: kipi kipimwe, lini, na majibu yasomweje

Kabla ya kumeza kidonge cha kwanza, hakikisha damu yako imepimwa mara ya pili. Mwongozo wa Uganda unataka kila aliyekutwa na VVU apimwe upya kabla ya kuanza ARV (dawa za kufubaza virusi), kwa damu iliyotolewa upya na, ikiwezekana, mikononi mwa mhudumu mwingine. Vipimo vyenyewe ni vizuri. Makosa mengi huzaliwa mezani: majina mawili yanayofanana, kichupa kilichobandikwa namba ya mtu mwingine, kipimo kilichosomwa kabla muda wake haujatimia. Marudio haya ni ya dakika chache tu, kwa hiyo hayawezi kuwa sababu ya kukucheleweshea dawa.

Ukishaanza dawa, usirudi kupima tena kile kipimo cha haraka. Kipimo hicho hakitafuti virusi. Kinatafuta askari ambao mwili uliwatengeneza dhidi ya virusi, na dawa zikifanya kazi vizuri askari hao wanaweza kupungua mpaka kipimo kisiwaone, hasa kwa mtu aliyeanza matibabu mapema sana. Jibu linatoka "hana", mtu anaamini maombi au mitishamba imemponya, anaacha vidonge, na virusi vinarudi baada ya wiki chache. Tumewapoteza watu wengi kwa njia hii, na kila mmoja wao angeweza kuokolewa.

Siku ya kwanza: kutafuta kinachoua upesi

Uganda huanzisha dawa siku hiyohiyo au ndani ya wiki moja, CD4 (chembe za kinga kwenye damu) iwe ngapi. Kwa hiyo kama umeambiwa usubiri majibu ya CD4 ndipo uanze, uliza kwa nini. CD4 haipimwi siku hizi ili kuamua kama unastahili dawa. Inapimwa kujua kinga imeshuka kiasi gani, na mpaka unaotazamwa ni 200 kwa kila mikrolita ya damu. Chini ya hapo mtu anahesabiwa kuwa na ugonjwa uliokomaa, hata kama anatembea, anacheka na kulima. Mtoto wa chini ya miaka mitano aliyekutwa na VVU huhesabiwa hivyo bila kusubiri namba.

Vituo visivyo na mashine ya CD4 vingi vina kipimo cha utepe kinachosema tu kama uko juu au chini ya 200. Kinatumia tone la damu na huchukua dakika 40. Hakikupi namba kamili, lakini swali linalobeba uhai wako kinalijibu.

Ukiwa chini ya 200, dai vipimo viwili siku hiyohiyo.

Cha kwanza ni cha kriptokoka, kuvu anayesababisha homa ya uti wa mgongo. Ni utepe unaochovywa kwenye majimaji ya damu na kusomwa baada ya dakika 10. Thamani yake ni hii: alama za kuvu huyu huonekana kwenye damu wiki kadhaa kabla kichwa hakijaanza kuuma. Ukionekana unaye, daktari atataka kutoa maji ya uti wa mgongo ahakikishe hajafika kwenye ubongo. Watu huogopa sana sindano hiyo ya mgongoni, na hofu hiyo inaeleweka, lakini kuikataa ni hatari kuliko sindano yenyewe. Kama kuvu amefika kwenye ubongo, ARV husubirishwa wiki 4 hadi 6 huku kuvu akitibiwa, kwa sababu kinga ikiamka ghafla uvimbe wa ubongo unaweza kuua. Hapa ni miongoni mwa mahali pachache ambapo kuchelewesha dawa ni sahihi.

Cha pili ni cha TB kwa mkojo. Matone ya mkojo, mikrolita 60, huwekwa kwenye utepe, husubiriwa dakika 25, kisha mstari hulinganishwa na kadi ya rangi. Hapa makosa ni ya kawaida: mstari hafifu sana husomwa kama "hakuna" kwa sababu mwanga wa chumba ni mdogo, au mhudumu hana ile kadi na anakisia. Jibu la "hakuna" halikuondolei TB. Linamaanisha tu kwamba mkojo haukuonyesha. Kama unakohoa, una homa, unatoka jasho usiku au unakonda, makohozi yako lazima yaende kwenye mashine ya GeneXpert, ambayo hutoa jibu ndani ya saa mbili hivi na kuonyesha pia kama TB hiyo ni sugu kwa rifampisini, dawa kuu ya TB. Makohozi ya kufaa yanatoka kifuani baada ya kuvuta pumzi ndefu na kukohoa kwa nguvu. Mate ya mdomoni hayasaidii. Na TB ikipatikana, mwambie anayekupa ARV, kwa kuwa rifampisini huipunguza mwilini dolutegravia, mojawapo ya dawa zilizomo kwenye kidonge cha ARV, na dozi yake hupaswa kuwa miligramu 50 mara mbili kwa siku badala ya mara moja.

Mtu mwenye homa ya nyuzi 39 au zaidi, anayepumua zaidi ya mara 30 kwa dakika, ambaye mapigo ya moyo yanazidi 120, au asiyeweza kutembea bila kushikwa, huyo haendi nyumbani na karatasi ya miadi. Analazwa.

Figo, ini, sukari

Wengi wanaoanza leo hupewa kidonge kimoja chenye tenofovia 300, lamivudini 300 na dolutegravia 50. Tenofovia hupita kwenye figo, ndiyo maana kreatini, uchafu wa damu unaotolewa na figo, hupimwa, hasa kwa mwenye umri mkubwa, mwenye presha, mwenye kisukari, au aliyekonda sana. Usishtuke kreatini ikipanda kidogo wiki za mwanzo. Dolutegravia huzuia figo kuitoa kreatini kwa kasi ya kawaida bila kuzidhuru, na baada ya hapo namba hutulia. Ikiendelea kupanda kila ukipima, hapo daktari atafute sababu.

Sukari ipimwe kabla ya kuanza. Madaktari wa Kampala ni miongoni mwa walioonyesha kwamba wachache wanaotumia dolutegravia hupandwa na sukari kwa kasi, wengine ndani ya miezi michache tu. Kipimo cha asubuhi kabla ya kula kikifika 7.0 mmol/L, au cha wakati wowote kikifika 11.1 mmol/L pamoja na kiu na kukojoa kila saa, rudi kliniki bila kungoja miadi. Anayetumia metformini asizidishe miligramu 1,000 kwa siku akiwa kwenye dawa hii. Vidonge vya kuongeza damu na vya kalsiamu, ambavyo mama wajawazito wengi hupewa, hushikana na dolutegravia tumboni na kuizuia isiingie mwilini. Imeze saa mbili kabla yake au saa sita baada yake, au vyote pamoja na chakula.

Hepatitisi B ni kipimo cha mara moja, cha bei ndogo, na husahaulika kupita kiasi. Ugonjwa huu ni mwingi zaidi kaskazini, upande wa Acholi, Lango, West Nile na Karamoja. Bahati nzuri ni kwamba tenofovia na lamivudini hutibu vyote viwili, VVU na hepatitisi B. Hatari yake ni kwamba mwenye hepatitisi B akiacha vidonge kiholela, ini linaweza kuwaka. Ndiyo sababu jibu hili liandikwe juu kabisa ya kadi yake.

Kaswende, damu ya kutosha mwilini, na mimba kwa mwanamke, hivyo hupimwa siku ya kwanza pia na havina mengi ya kueleza. Mwanamke aliyefika miaka 25 aombe uchunguzi wa mlango wa kizazi.

Wingi wa virusi, na sampuli inavyoharibika

Kipimo cha wingi wa virusi ndicho kinachosema kama dawa inafanya kazi. Cha kwanza huchukuliwa baada ya miezi 6 ya dawa, cha pili baada ya miezi 12, kisha kila mwaka kwa mtu mzima aliyefubaza virusi. Watoto na vijana hupimwa mara nyingi zaidi, na mama mjamzito hupimwa mapema zaidi, kwa sababu mtoto hangoji. Hakuna haja ya kufunga kula. Hakuna haja ya kuruka dozi ya asubuhi pia: ni kosa ambalo watu hufanya wakidhani dawa "itaharibu kipimo".

Damu hutolewa kwenye kichupa chenye kifuniko cha zambarau. Kichupa hicho kina dawa ya kuzuia damu isigande, na lazima kipinduliwe polepole mara 8 hadi 10 papo hapo. Kikitikiswa kwa nguvu, chembe hupasuka. Kikiachwa kimelala mezani, damu huganda na sampuli inatupwa. Majimaji ya damu yanapaswa kutenganishwa ndani ya saa 24.

Pale ambapo hilo haliwezekani, damu huwekwa kwenye kadi yenye miviringo mitano. Itazame kadi yako kabla hujaondoka. Kila mviringo ujae kwa damu iliyoingia mara moja, na ukiigeuza kadi nyuma uone wekundu umepenya. Tone juu ya tone hukataliwa. Alama ya kidole juu ya mviringo huiharibu. Kadi ikauke saa 4 au usiku kucha, mbali na jua na moto, ndipo iingie kwenye mfuko uliofungwa na vifuko vya kunyonya unyevu. Kwenye msimu wa mvua, haraka ya kuifunga ikiwa bado mbichi ndiyo inayoua sampuli nyingi. Kadi huchukuliwa na dereva wa pikipiki hadi maabara kuu ya eneo, na kutoka hapo huenda maabara ya taifa Kampala.

Sasa majibu. "Haijaonekana" haimaanishi umepona. Inamaanisha virusi ni vichache kiasi kwamba mashine haiwezi kuvihesabu, na mtu wa namna hiyo anayeendelea na dawa hamwambukizi mwenzake kwa ngono. Kwa damu ya kwenye kadi unaweza kukuta "<400" au "<839": ni mwisho wa uwezo wa mashine, usiulinganishe na "<50" ya jirani yako aliyepimwa kwa majimaji ya damu. Kadi pia huweza kuonyesha namba ya juu kidogo kuliko ukweli, kwa kuwa husoma na virusi vilivyolala ndani ya chembe.

Namba ikizidi 1,000, usikubali kuambiwa dawa imeshindwa siku hiyohiyo. Kwanza huja vikao vya ushauri, kwa kawaida vitatu, kimoja kila mwezi, kuangalia kama dozi zilirukwa, kama vidonge vya damu vimeingilia, au kama ulikosa mahali pa kuficha chupa. Kisha kipimo hurudiwa. Ukweli wako katika vikao hivyo una thamani kuliko aibu. Ukificha kwamba uliruka dozi, unaweza kubadilishiwa dawa nzuri bila sababu.

CD4 haihitaji kukufuata kila mwezi. Hupanda na kushuka kwa saa za siku, kwa mafua, kwa mimba. Namba iliyotoka 380 hadi 340 si kuporomoka. Irudiwe tu kama virusi havijafubaa au umerudi baada ya kuacha dawa. Uzito, kwa upande mwingine, upimwe kila ziara, na ukipungua sehemu moja ya kumi, sababu itafutwe.

Unapohama au unaposafiri

Dereva anayepita mipaka ya Malaba na Elegu, mkimbizi anayehamishwa kutoka makazi ya Nakivale kwenda Kyangwali, wote hupoteza majibu yao njiani. Nunua daftari dogo, na kila ziara andika: tarehe, namba yako ya matibabu ya ARV (ART), dawa unazotumia, uzito, wingi wa virusi na kama damu ilikuwa ya kadi au ya kichupa, CD4, na jibu la hepatitisi B. Piga picha kadi yako ya kliniki kwa simu na uifiche kwa namba ya siri. Omba barua ya uhamisho kabla ya kuondoka. Na majibu ya wingi wa virusi yakipita mwezi bila kufika, usingoje miadi ijayo: rudi uulize kama sampuli ilikataliwa, kisha utoe nyingine siku hiyohiyo.