Kuomba Kibali cha Ukaazi na Kazi Ujerumani

Raia wa Tanzania au Kenya anayetaka kuajiriwa Ujerumani huomba kwanza viza ya kitaifa, aina ya D, katika ubalozi wa Ujerumani ulioko Dar es Salaam au Nairobi, kwa kuwa viza ya matembezi ya siku 90 haimruhusu kufanya kazi.

Ugumu uko kwenye vyeti. Shahada ya chuo kikuu hutafutwa katika anabin, hifadhidata ya Ujerumani ya vyuo na shahada za nje, na isipoonekana humo mwombaji huomba tathmini kwa ZAB, ofisi kuu ya Ujerumani inayotathmini elimu ya nje, iliyoko Bonn. Muuguzi na daktari, ambao taaluma zao hudhibitiwa kisheria, hawana budi kutambuliwa na mamlaka ya jimbo husika. Shughuli hii huenda polepole, hivyo ianze kabla ya nyingine zote. Mkataba wa ajira, bima ya afya na ada ya euro 75 hufuata.

Akishawasili, atajiandikisha katika ofisi ya wakazi ndani ya wiki mbili tangu ahamie kwenye makazi, akiwa na hati ya mwenye nyumba inayothibitisha kuwa amehamia hapo (asipange kwa mtu anayekataa kuiandika), kisha ataomba kibali chenyewe katika idara ya wageni kabla viza haijaisha. Miadi ikichelewa, awasilishe maombi kwa maandishi mapema, kwani viza ya kitaifa huendelea kuhesabiwa kuwa halali hadi uamuzi utolewe, na adai cheti cha kuthibitisha hivyo ili mwajiri asisite.