Kusafisha mashine ya kufulia kwa maji yetu ya Lamu: someni hapa kwanza, maswali baadaye

Assalamu alaikum ndugu zangu. Juma hili peke yake nimeulizwa mara sita kwa nini nguo zatoka kwenye mashine zikinuka kama kitambaa cha kudekia. Kila mtu nimemjibu kivyake, na kila mara kuna jambo nililosahau. Leo naandika yote mara moja. Atakayeniuliza tena nitamleta hapa.

Niko mtaa wa Langoni, hapa mjini Lamu. Mashine yangu ni ya mlango wa mbele, kilo 7, na huu ni mwaka wake wa tisa. Hunywa maji ya mfereji yakija, yasipokuja hunywa ya kisima.

Harufu hiyo haitoki kwenye nguo, yatoka kwenye mashine yenyewe. Twafua kwa maji baridi siku zote ili tokeni za stima zisiishe, twamimina sabuni ya unga kwa kukisia, kisha tukimaliza twafunga mlango. Sabuni isiyosuuzika pamoja na mafuta ya mwili huganda nyuma ya pipa, pahala usipopaona, na koga hupata shamba.

Hatua ya 1. Chomoa plagi, funga mfereji.

Hatua ya 2. Vuta droo ya sabuni, ibonyeze pale penye kidude cha kuiachia, itoke yote. Ioshe kwa mswaki mkuukuu. Ingiza mkono utazame na juu ya tundu lake, maji yanapodondokea. Wengi huosha droo wakaliacha tundu.

Hatua ya 3. Raba ya mlango. Ikunjue kwa vidole uzunguke duara zima pole pole. Yangu Ijumaa iliyopita ilitoa mchanga wa ufuo wa Shela, pini ya mtandio, shilingi 5, na nyuzi za leso zilizoshikana zikawa utepe wa kijivu unaoteleza kama kambare. Zibua vile vitundu vidogo vya chini. Pangusa kwa maji ya sabuni kisha kausha. Penye koga nyeusi, weka kitambaa chenye jiki iliyozimuliwa kwa maji kwa dakika chache, kisha suuza sana.

Hatua ya 4. Chujio la pampu, lile la chini kulia au kushoto, nyuma ya kijimlango. Hapa nawaomba msome kila neno.

Mwaka wa pili wa mashine hii nilikifungua kifuniko cha chujio kwa mkupuo mmoja, maji yangalimo tumboni mwa mashine. Mashine iko orofani. Karibu ndoo nzima ilimwagika, ikapenya sakafu ya chokaa na boriti, ikamdondokea mama mkwe wangu aliyekuwa amejipumzisha chini baada ya adhuhuri. Plasta ya dari ilibambuka kipande cha upana wa sinia. Kwa haraka nikakirudisha kifuniko kikiwa kimekaa upande, nikakikaza kwa nguvu, na uzi wake wa skrubu ukakatika. Usiku nguo zikizunguka, ikavuja tena. Kifuniko kipya kilichukua wiki tatu kufika.

Basi fanyeni hivi. Kama mmefua kwa maji ya moto, ngojeni yapoe. Tandika leso kuukuu chini. Karibu na kifuniko mashine nyingi zina mpira mwembamba wenye kizibo. Uvute, uelekeze kwenye sinia fupi, toa kizibo. Sinia ikijaa ziba, mwaga, rudia mpaka yaishe. Kama mpira huo haupo, legeza kifuniko robo mzunguko tu, yatoke kidogo kidogo, kaza, mwaga, rudia. Maji yakiisha ndipo ukifungue chote. Toa nywele, vifungo na sarafu. Mulika tochi ndani: utaona kifeni kidogo. Kiguse kwa kijiti. Kikizunguka kwa kushtukashtuka ni kizima, ile ni sumaku ya pampu. Kikikwama, kuna uzi wa nguo umejizungusha. Wakati wa kurudisha, zungusha kifuniko kwanza upande wa kufungulia mpaka uhisi uzi wake wa skrubu umekaa, ndipo ukaze. Kwa mkono. Koleo usiilete karibu.

Hatua ya 5. Nyuma, mpira wa kuingizia maji unapoungana na mashine, kuna kiwavu. Kitoe kwa utaratibu, kisuuze mchanga, kirudishe. Mashine ichukuayo saa nzima kujaa maji mara nyingi dawa yake ni hii tu.

Hatua ya 6. Rudisha stima na maji. Kama ulitumia jiki mahali popote, kwanza zungusha mashine tupu kwa maji matupu mpaka isuuzike. Kisha weka gramu 100 hivi za ndimu ya unga (asidi ya sitriki) ndani ya pipa, bila nguo, bila sabuni, uwashe nyuzi 60. Hiyo ndiyo itoayo magamba ya chokaa kwenye hita. JIKI NA NDIMU AU SIKI HAZIKUTANI KABISA. Zikikutana hutoa hewa ya klorini, na vyumba vyetu vya kufulia ni vyembamba, havina madirisha.

Hatua ya 7. Pangusa, acha mlango na droo wazi. Wenye watoto wadogo, fungeni mlango wa chumba chenyewe. Mtoto aweza kuingia kwenye pipa.

Chujio kila mwezi. Ndimu kila miezi miwili au mitatu.

MASWALI

Mama Swaleh: Dada, ahsante. Je, naweza kutia jiki na siki pamoja ili nimalize mara moja?

Jibu: Hapana. Hatua ya 6, maandishi makubwa. Tafadhali rudi usome, dada yangu, hili ni la pumzi zako.

Kijana wa Mkomani: Mimi huchanganya magadi na siki, yatoa povu kali linalosafisha. Hukutaja.

Jibu: Sikutaja kwa sababu moja humaliza nguvu ya nyingine. Povu lile ni hewa tu, na linalobaki ni maji yenye chumvi kidogo. Miaka tisa mashine yangu yafanya kazi kwa ndimu, sioni haja ya kubadilisha.

Binti Malindi: Shangazi, samahani kwa swali refu. Kwa nini maji ya kisima chetu hayatoi povu, na aaa ya chai ina ukoko mweupe? Ni ile chumvi ya bahari?

Jibu: Mwanangu, swali zuri sana. Ni mambo mawili, watu huyachanganya. Chumvi ndiyo ilayo chuma. Ukoko ni chokaa, yaani madini ya kalsiamu. Ardhi yetu ya pwani ni mawe ya matumbawe, na mvua ikipita humo huyayeyusha kidogo kidogo. Maji yakipashwa moto, chokaa huganda, ndiyo maana hushika aaa na hita ya mashine. Na sabuni ikikutana na chokaa hushikana nayo ikawa utando, povu likakosa nafasi. Jaribu: chupa moja maji ya kisima, nyingine maji ya mvua, kila moja kipande sawa cha sabuni ya mche, tikisa. Utaona kwa macho yako. Kwetu, visima vya Shela vina maji matamu kwa sababu mvua huchujika kwenye vilima vya mchanga na kuelea juu ya maji ya chumvi. Yakitekwa kupita kiasi, ya chumvi hupanda. Kwa hiyo maji tusiyapoteze: usifue nusu mzigo.

Binti Malindi: Nimejaribu! Chupa ya kisima imekuwa kama maziwa, povu hakuna. Ahsante shangazi.

Mkaa Langoni: Mashine mpya yaruka kama mbuzi ikikamua. Imeharibika?

Jibu: Tazama nyuma. Mmetoa bolti za safari? Huwa tatu au nne, hulishika pipa lisitikisike njiani. Zisipotolewa, mashine hujivunja.

Mkaa Langoni: Fundi hakusema kitu.

Jibu: Mimi nimesema. Toa, uzitunze kwa siku ya kuhama.

Bi Mkubwa: Yangu ni ya mapipa mawili. Chujio sikioni.

Jibu: Shikamoo bi. Yako ina kimfuko cha wavu ndani ya pipa la kufulia, kigeuze nje kila ukimaliza. Ndimu itie kwenye maji ya uvuguvugu, izungushe, iache nusu saa, mwaga, suuza.

Ami wa Shela: Niongeze: kikoi cha pwani kikung'uteni juu ya dari kikiwa kikavu. Mchanga mbichi hautoki.

Mama Swaleh: Na shingo za kanzu?

Jibu: Lowesha, paka sabuni ya mche, acha robo saa kabla ya mashine. Leso mpya zifue peke yake mara mbili tatu za mwanzo.

Mama Swaleh: Raba yangu imepasuka. Nimeisoma hatua ya 3, wallahi.

Jibu: Haya, mpenzi. Piga picha kile kibandiko chenye namba ya mashine, kipo kwenye ukingo wa ndani wa mlango au nyuma. Tuma namba hiyo dukani Mombasa, usiseme tu "ya kilo 7", raba hazilingani. Wakifunga mzigo waambie waandike Mokowe, jeti yetu ya upande wa bara, na simu ya atakayeupokea jetini.