Sneki planti na baridi ya Nakuru: Julai wacha kumwagia maji

Kama sneki planti yako, ule mmea wa nyumbani wa majani marefu yanayosimama wima, ilikufia hapa Nakuru, basi karibu ni lazima haikufa na kiu, uliizamisha. Yangu ya kwanza niliiua Julai. Baridi imeingia sawasawa na mimi bado namwagia kila Jumapili nikitoka kanisa vile nilikuwa nafanya Februari, kumbe udongo wa chini haukauki, siku moja nikashika jani ati nipanguse vumbi likatoka lote mkononi, chini limekuwa jororo rangi ya chai na linanuka kama maji ya maua yaliyosahaulika kwa vase.

Huu mmea kwao ni Afrika Magharibi kwenye joto, na maji unaweka ndani ya majani na mizizi. Chini ya nyuzi 10 unaumia, na sisi tuko juu karibu mita 1,850, usiku wa Julai si mchezo. Kwa hivyo Juni hadi Agosti mimi ni mara moja kwa mwezi, kidogo, asubuhi, na usiku nauondoa pale karibu na dirisha, kwa sababu kile kioo kinakuwa baridi kama friji.

Januari na Februari kukikauka, kila wiki mbili, mwaga mpaka yatokee chini halafu toa yaliyobaki kwa sahani. Masika usifuate kalenda, chukua kijiti cha mshikaki udunge mpaka chini kabisa, kikitoka na udongo umeshikana nacho, ngoja. Watu wa Kisumu baridi haiwahusu sana lakini kijiti kinawahusu.

Mkebe bila matundu sahau. Udongo changanya nusu kwa nusu na mchanga wa mto ama yale mawe mepesi ya pamisi, huku kwetu yanapatikana. Maji mimi natumia ya mvua, ya borehole ya huku yana madini ya floraidi, na sneki planti ni jamii ya drasena, mimea isiyoipenda, ncha za majani zinakauka.

Ikianza kufurisha mkebe, gawa Machi joto likiwa bado lipo, si Juni. Na zile za ukingo wa njano gawa na mizizi yake, ukipanda kipande cha jani itamea kijani tupu uanze kusema uliuziwa feki.

Paka akiwa kwa nyumba weka juu, akitafuna atatapika, na hawezi tapikia simiti, ni kapeti tu.