Namna ya kuchora mchezo wa sataranji: ubao kwanza, nyuso baadaye

Picha nyingi za sataranji huharibikia kwenye ubao. Mchoraji anahangaika na ndevu za mzee, anazipatia kweli, kisha miraba anaipachika kwa kukisia. Anayeujua mchezo akiiona, haangalii tena ndevu. Kwa hiyo mimi huanza na ubao.

Hatua ya 1: Pata mchezo wa kweli. Usipange kete ovyo. Chezeni, na mkishafika pagumu simamisheni hapo hapo upige picha kwa simu. Kete zilizoliwa zibaki mezani, na hesabu itimie: kila upande ni 16, za ubaoni na zilizotoka.

Hatua ya 2: Chora ubao. Tuseme wachezaji wameketi kushoto na kulia kwako. Chora ukingo wa karibu, kisha ukingo wa mbali ulio mfupi zaidi, sambamba nao. Gawa kila mmoja sehemu 8 sawa kwa rula, uunganishe alama kwa alama. Sasa usikisie mistari ya kukata. Vuta mstari mmoja wa mshazari kutoka pembe ya karibu hadi pembe ya mbali iliyo upande wa pili. Kila mahali mshazari huo unapokata mstari wa kwenda mbali, pitisha mstari wa mlalo. Miraba 64 inajitokeza yenyewe, ikipungua kadiri inavyokwenda mbali. Thomas Eakins wa Marekani alichora kwanza mchoro mzima wa vipimo vya namna hii kabla ya kugusa rangi za "Wachezaji wa Sataranji" (1876), na picha yenyewe haifiki hata nusu mita kwa upana.

Hatua ya 3: Kagua pembe. Kila mchezaji awe na mraba mweupe kwenye pembe ya mkono wake wa kulia. Kwa mkao wetu, pembe ya karibu iliyo kushoto kwako ni nyeupe, ya karibu iliyo kulia ni nyeusi. Ila ukikutana na picha ya Lucas van Leyden, mchoraji wa Uholanzi, ya mwaka 1508 hivi, yenye miraba 12 kwa 8, usimcheke: huo ni mchezo mwingine wa jamii ya sataranji, uliochezwa Ulaya zamani.

Hatua ya 4: Amua nani anamtazama nani. Hapa ndipo picha inapopona au kufa. Watu wawili walioinamia ubao ni vichwa viwili tu. Anayeleta uhai mara nyingi ni wa tatu. Mtazame Sofonisba Anguissola, mchoraji wa kike wa Italia, mwaka 1555, akiwachora dada zake wakicheza sataranji. Lucia, mkono ukiwa bado kwenye kete, ametugeukia sisi. Minerva ameinua mkono akimwelekea Lucia, kama anayetaka kusema neno. Katikati yuko Europa mdogo, anamtazama Minerva na kucheka waziwazi, na pembeni mtumishi mzee anachungulia. Hatuhitaji kuhesabu kete ili tujue nani kabanwa. Eakins naye alimsimamisha baba yake nyuma ya meza, kati ya wazee wawili, akiangalia tu. Kabla hujapaka rangi, chora mishale midogo ya macho kwenye karatasi ya majaribio. Yote ikiishia ubaoni, mgeuze mtu mmoja.

Hatua ya 5: Mwanga. Chanzo kimoja, kutoka ubavuni. Vivuli vya kete vyote vilale upande mmoja.

Hatua ya 6: Kete mwisho. Zile za mbele zipe umbo kamili, na farasi mpe uso, maana asipotambulika yeye hakuna kitakachotambulika. Za nyuma usizichonge. Honoré Daumier wa Ufaransa, katika picha yake ya wachezaji ya miaka ya 1860, alizipitia kwa brashi ya haraka, nguvu akaiweka kwenye vichwa. Kwa kete za askari zilizo mbali, tone la rangi na kivuli chake vinatosha.